Wajibu wa Mzazi kwa Mtoto Mwenye Ulemavu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Ndugu zangu Waislamu wa Kedowa, Londiani na Kipkelion! Wako miongoni mwetu watoto wasiosikia, wasioona na wazito wa kufahamu, ambao hawajauona mlango wa chuo wala wa skuli. Mzazi akiulizwa hujibu: “Huyu Mwenyezi Mungu amemsamehe.” Neno hili lina ukweli, walakini limewekwa pasipo mahali pake. Aya ya Suratul Fat-h iliyowaondolea lawama kipofu, kiwete na mgonjwa ilishuka kwa khabari ya kwenda vitani. Haikuwaondolea ilimu, wala haikumwondolea mzazi wajibu wa kuwasomesha.

Itazameni khabari ya sahaba Abdullahi bin Ummi Maktum, aliyekuwa kipofu. Alimwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ruhusa ya kusali nyumbani, kwani hakuwa na wa kumwongoza njiani. Mtume alimruhusu, kisha akamwita, akamuuliza kama huisikia adhana. Alipokiri kuwa huisikia, akamwamuru aiitikie. Lizingatieni swali lile. Hakuulizwa alichokikosa, maana kilijulikana. Aliulizwa alicho nacho. Na kipofu huyo alikuwa mwadhini pamoja na Bilali, na zaidi ya mara moja aliachiwa Madina, Mtume alipokuwa safarini.

Swali hilo ndilo mwanzo wa elimu ya watoto hawa. Tangu mwaka 1984 vilianzishwa katika Kenya vituo vya serikali vya kuwapima watoto kwa ajili ya masomo. Mtoto hupimwa masikio, macho, viungo na ufahamu, na mzazi huelezwa mahali pamfaapo: skuli ya kawaida pamoja na wenziwe, au darasa maalumu, au skuli maalumu, kama hii ya viziwi iliyopo hapa Kedowa. Wala hii si sadaka tunayopewa. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kimempa mtoto huyu haki ya kusoma, na ya kutumia lugha ya ishara na maandishi ya nukta nundu. Na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 yamlazimu mzazi kumpeleka mwanawe skuli.

Kisha yapasa uandikwe mpango wa mtoto yule peke yake: aweza nini leo, ajifunze nini muhula huu, kwa chombo gani, nani atamfundisha, na lini mpango utatazamwa tena. Haya hayatengenei bila ya mzazi. Mwalimu humwona mtoto darasani. Mama ndiye ajuaye kuwa huvaa nguo mwenyewe, huteka maji, au huogopa kelele. Basi nenda na karatasi za kliniki, sema ujuayo, uliza usilolifahamu, omba nakala, na urudi kila muhula.

Na mwanao akiwa kiziwi, jifunze ishara zake. Mafakihi wameikubali ishara ya bubu yenye kufahamika katika kuuza na kuoa. Basi vipi baba ataionea haya nyumbani mwake?

Wako wanaompeleka mtoto kwa mganga kupungwa na kufungwa hirizi, hata miaka yake ya kusoma ikapita, nayo hairudi. Na wako wanaomfikisha bwenini, kisha wasionekane tena mpaka skuli ifungwe. Huyu wa pili naye amemtupa mwanawe, ijapokuwa amemtupa kwa adabu.

Ndugu zangu, Siku ya Kiyama hatutaulizwa kwa nini mtoto hakusikia. Hilo ni la Muumba wake. Tutaulizwa amana ile tuliifanya nini.

Ewe Mola wetu, tupe subira ya kuwalea na akili ya kuwasomesha, wala usiwafanye watoto wetu kuwa mashahidi juu yetu. Amin.