“Hasara Ndogo” ni Watu Wangapi?

Jioni katika Lagangabilili, mkoani Simiyu, ng'ombe warudipo kutoka malishoni, mchungaji husimama mlangoni pa zizi akawahesabu. Hafanyi hivyo ili ajue ukubwa wa mali yake, maana huo aujua tangu asubuhi. Ataka kujua ni yupi asiyerudi. Akimkosa mmoja katika hamsini, hasemi kwamba hasara ni ndogo. Hushika fimbo yake akarudi porini gizani, akimtafuta kwa rangi yake na kwa umbo la pembe zake.

Saa iyo hiyo redio nyumbani husoma habari za vita vya mbali: mji fulani umetwaliwa, watu kadha wa kadha wameuawa. Sisi twasikiliza huku tukinawa mikono, kisha twala. Basi yafaa tuulizane: Je, ni haki mtu ahesabiwe kwa moyo mwepesi kuliko ng'ombe?

Swali hili si geni katika nchi yetu. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, tangu 1939 hata 1945, watu zaidi ya 80,000 wa Tanganyika waliingia jeshini. Vikosi vya King's African Rifles vilipigana na Waitalia huko Uhabeshi mwaka 1941, vikaenda Madagaska mwaka 1942, halafu Burma kupambana na Wajapani. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ambayo ndani yake vilikuwamo vikosi vya Tanganyika, cha 26 na cha 36, ilishuka bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa, katika matope na malaria, na mwanzoni mwa Desemba ikaingia Kalewa, kando ya mto Chindwin. Siku zizo hizo watu walikuwa wakiuana mipakani mwa Ujerumani, katika milima ya Italia na katika visiwa vya Ufilipino. Taarifa ya vita ya kila siku ilipaswa kuyakusanya hayo yote katika mistari michache. Mto umevukwa, mji umetwaliwa, hasara ni ndogo.

Tuseme kwamba katika hasara ile ndogo alikuwamo kijana mmoja wa Usukuma. Kwa jemadari alikuwa mmoja katika maelfu. Kwa mama yake alikuwa ndiye yule aliyembeba mgongoni, wala hakuwapo mwingine wa kushika nafasi yake. Kati ya hesabu hizo mbili, ipi ni ya kweli?

Wako watakaojibu kwamba jemadari hana budi kuhesabu. Akisimama kumlilia kila aangukaye, hataweza kuongoza, na watakaokufa watazidi. Neno hilo ni la haki, wala hatulipingi. Kosa halimo katika kuhesabu. Laanza pale hesabu inapogeuka kuwa bei. Neno “ndogo” halina maana mpaka lilinganishwe na kitu. Ukiuliza limelinganishwa na nini, utaambiwa: na mji uliotwaliwa. Basi mtu amewekwa katika mizani pamoja na mji, naye ameonekana mwepesi. Waweza kumtaka askari ajitoe kwa ajili ya kuilinda haki. Huwezi kusema kwamba alichokitoa ni kidogo.

Tena, hesabu isiyo na majina haina aibu. Tazameni vita ya kwanza, ya 1914 hadi 1918. Waingereza na Wajerumani walipofukuzana katika nchi yetu, mizigo ya majeshi ilichukuliwa vichwani mwa watu. Wapagazi wa upande wa Waingereza walikaribia milioni moja. Walikufa zaidi ya 90,000, wengi kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, latokana na kikosi chao. Walakini majina yao wenyewe yako wapi? Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hata 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, walikufa katika kuitumikia dola ya Uingereza katika vita ile bila kukumbukwa kwa majina, au bila kukumbukwa kabisa. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni watu 234,000. Ng'ombe wengi kadiri hiyo wasingepotea bila mtu kuulizwa.

Huko Taukkyan, Burma, majina ya watu karibu 27,000 wasio na kaburi linalojulikana yamechongwa katika mawe, na miongoni mwao wamo askari wa Afrika Mashariki. Jiwe halimrudishi mtu kwao. Lakini aliyelichonga jina amekiri deni, na mwenye kukiri deni hufikiri mara mbili kabla ya kukopa tena.

Wala haki hii haina mpaka wa bendera. Mjapani aliyefia katika matope ya Kabaw naye alisubiriwa nyumbani. Atakayefurahi kusikia kwamba adui wamekufa wengi amekwisha kujifunza kutomhesabu mtu, na somo hilo halikai vitani tu; hurudi naye mpaka kwa jirani yake.

Basi, enyi wazazi, redio isomapo hesabu ya waliokufa jioni ya leo, nyamazeni kidogo mbele ya watoto, ili waone kwamba jambo limetokea. Kisha waulizeni wazee wa ukoo: ni nani wa kwetu aliyechukuliwa kwenda vitani, akiwa askari au mpagazi, asirudi? Jina lake liandikwe katika daftari la nyumbani, pamoja na la baba yake na la kijiji chake. Wajuao majina hayo ni wazee sana, tena ni wachache, nasi tusiwangojee mpaka kesho.