Ng'ombe Mgonjwa ni Mzigo wa Nani?



Wahenga walisema kwamba ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Methali hii tumezoea kuitumia kwa watu: mtu akipatwa na shida hurudi kwao. Leo napenda tuitazame kwa ng'ombe mwenyewe. Amekwisha kufika zizini, naye anachechemea. Je, mwenye zizi anapaswa kumtendea nini?

Zamani Wanyakyusa walilala nyumba moja na ng'ombe wao. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti huku Rungwe katika miaka ya 1930, waliyaona hayo. Ng'ombe alikuwa mahari, alikuwa undugu, na mara nyingi alichinjwa msibani au kwenye sherehe, mbele ya watu waliomjua. Siku hizi wengi wetu tunafuga mmoja au wawili bandani, tunawakatia matete, na maziwa yao ndiyo yanayolipa ada za watoto. Ng'ombe akizeeka au akiugua, anakula wala haleti kitu. Ndipo majaribu yanapoanza.

Njia ziko tatu: kumtibu, kumchinja au kumwuza. Kila moja yaweza kuwa haki, na kila moja yaweza kuwa dhuluma.

Tuanze na kutibu. Wako wanaokimbilia kisu mapema mno. Ng'ombe amezaa jana, leo ameanguka na hawezi kusimama. Mara mchinjaji anaitwa. Kumbe huenda ni homa ya maziwa tu, yaani upungufu wa kalsiamu katika damu. Akitiwa dawa mshipani na mtaalamu, mara nyingi husimama baada ya saa chache. Hata ndigana kali inayoletwa na kupe hutibika ikiwahiwa. Basi wajibu wa kwanza ni kumwita bwana mifugo kabla ya kumwita mchinjaji.

Lakini wako pia wanaochelewa mno. Ng'ombe mzima amevunjika paja, hawezi kuinuka, vidonda vimemwota ubavuni, na mwenyewe anasema hana moyo wa kumchinja. Hapo anayehurumiwa ni mwenye ng'ombe, wala si ng'ombe. Kama hakuna tumaini la kupona, kumchinja upesi, kwa mkono wa mtu anayeijua kazi hiyo, ndiyo huruma yenyewe. Tanzania ilitunga Sheria ya Ustawi wa Wanyama mwaka 2008, lakini hata pasipo sheria dhamiri yatosha kutuambia hivyo.

Njia ya tatu ndiyo yenye mtego. Dalali anakuja jioni. Haulizi maswali, kwa sababu bei ni ndogo. Mwenye ng'ombe naye hasemi kitu, kwa sababu hakuulizwa. Mnyama asiyeweza kusimama anavutwa kwa kamba mpaka ndani ya gari. Labda jana alidungwa dawa, na nyama yake ilipaswa kungojewa kwa siku kadhaa kama mtaalamu alivyoagiza. Labda ana kimeta, ugonjwa unaoua watu, ambao vijidudu vyake hudumu udongoni miaka mingi. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi kabisa. Hutolewa taarifa, ukachomwa au ukafukiwa chini sana. Anayeuza kimyakimya ameuza mateso ya mnyama na hatari ya watu kwa pamoja, na mtoto wa mnunuzi, atakayekula nyama hiyo, hakuwa na habari.

Mtu ataniambia: Mwalimu, wewe una pensheni; je, mjane mwenye ng'ombe mmoja? Neno hilo ni zito, wala silipuuzi. Akimpoteza ng'ombe yule, amepoteza ada, mbolea na mboga. Hata hivyo umaskini wake haugeuzi nyama mbovu kuwa njema, na wanaonunua nyama ya bei rahisi ni maskini wenzake. Ninachosema ni kwamba mzigo huu usiwe wake peke yake. Msiba wa mtu tunachangiana. Mbona banda likiwa tupu tunampa pole tu? Tunao mfano mzuri wa kopa ng'ombe lipa ng'ombe, ambapo aliyepewa mtamba humtoa ndama jike kwa jirani mwingine. Kikundi chenye desturi hiyo kinaweza pia kuweka akiba kidogo kutoka kwenye maziwa ya kila mwezi, kwa ajili ya matibabu na hasara.

Tena busara ni kuwahi. Ng'ombe aliyezeeka auzwe angali mzima, akitembea kwa miguu yake, na mnunuzi aelezwe umri na hali yake. Hiyo ni biashara halali isiyomwonea mtu.

Torati iliagiza kwamba ukimwona punda wa adui yako ameanguka chini ya mzigo, usimpite bali umsaidie. Ikiwa ndivyo kwa mnyama wa adui, sembuse kwa yule aliyewanywesha watoto wako maziwa miaka minane?

Kwa hiyo, ndugu, kabla ya kukubali bei ya dalali, tujiulize swali moja: je, ningemweleza mnunuzi yote ninayoyajua juu ya ng'ombe huyu, angemchukua? Kama jibu ni hapana, basi ng'ombe huyo bado ni mzigo wetu.