Zimwi Likujualo

Wazee husema kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii hutumiwa kumtuliza mtu aliye katika mashaka: ubaya uliozoewa ni afadhali kuliko ubaya mgeni, na jamaa hata akiwa mkali huacha masazo. Katika mambo ya kila siku usemi huu una kweli kubwa. Katika riwaya za kuogofya hauna kweli hata kidogo. Huko zimwi lisilomjua mtu humfukuza tu, na mwenye mbio huokoka. Lile limjualo hukaa naye mezani, humwita kwa jina la utotoni, wala halisazi kitu. Ubora wa waandishi wa fani hii waweza kupimwa kwa jambo hili moja: zimwi lao linamjua nani, na linamjua kwa kiasi gani?

Swali la kitishacho si geni. Ann Radcliffe, Mwingereza aliyefariki mwaka 1823, aliacha maandishi yaliyochapishwa mwaka 1826, ambamo alipambanua hisia mbili ambazo watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni hofu, ambayo kwa maoni yake huitanua nafsi na kuziamsha nguvu zake. Ya pili ni kitisho, ambacho huzigandisha nguvu hizo hizo na karibu kuziua. Stephen King wa Marekani, katika kitabu chake Danse Macabre cha mwaka 1981, aliongeza daraja ya tatu chini ya hizo mbili, nayo ni kinyaa. Alikiri bila haya kuwa hujaribu kwanza kumtia msomaji hofu. Akishindwa humtia kitisho. Na akishindwa tena humtia kinyaa. Ungamo hili ni la mtu mkweli. Wako wengi wanaoishi katika daraja ya tatu na kujisifu kuwa wamefika darini.

Tofauti hizi si za maneno tu. Mlango ukibamizwa kwa ghafula mtu hushtuka, lakini moyo hurejea mahali pake kabla chai haijapoa. Mzoga humtia kinyaa, na kinyaa huondoka mzoga ukifukiwa. Hofu haitoki katika kitu kilichoonekana. Hutoka katika jambo lililofahamika, na jambo likiisha kufahamika haliondoki kwa kufumba macho.

Radcliffe mwenyewe hakuweza kuifuata nadharia yake mpaka mwisho. Katika The Mysteries of Udolpho, riwaya yake ya mwaka 1794, msichana Emily anafunua pazia jeusi ndani ya ngome, anaona kitu, anazirai. Na msomaji husubiri kurasa nyingi mno aambiwe alichokiona. Mwishowe huambiwa kuwa kilikuwa sanamu ya nta. Pumzi hushuka, na sehemu ya heshima hushuka pamoja nayo. Msomaji wa Kiswahili aliyesoma Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, iliyotoka mwaka 1960, anaijua njia hii: Bwana Msa na kiko chake huingia mahali panapoogopwa na watu, na kwa hoja zake hufunua kazi ya mkono wa mtu mahali walipodhania mzimu. Lakini hiyo ni riwaya ya upelelezi, na kazi ya mpelelezi ni kuiondoa hofu. Asiyetaka iondoke asimwite Bwana Msa.

H. P. Lovecraft, aliyeishi tangu mwaka 1890 mpaka 1937, alishika njia iliyo kinyume. Katika insha yake ndefu ya mwaka 1927 alishikilia kuwa hofu ndiyo hisia kongwe kuliko zote za binadamu, na kuwa hofu kubwa kabisa ni ya kisichojulikana. Hadithi yake The Call of Cthulhu, iliyotoka mwaka 1928, ni tunda la imani hiyo: chini ya bahari amelala kiumbe aliyeshinda fikira kwa ukubwa, wala hana uadui na wanadamu, kwa sababu hawahesabu kuwa kitu. Wazo hili ni zito na halina budi kuheshimiwa. Kumwambia binadamu kuwa ulimwengu unamchukia ni kumpa cheo. Kumwambia kuwa ulimwengu hauna habari naye ni kumvua nguo zote. Hata hivyo hofu hii hukaa kichwani zaidi kuliko moyoni. Watu wa Lovecraft aghalabu ni wasomi wapweke, wasio na mke wala mtoto wala deni, na akipotea mmoja wao kinachosikitikiwa ni daftari lake.

Iko kasoro mbaya kuliko hiyo. Kisichojulikana hakikai muda mrefu bila kupewa sura, na Lovecraft alipokipa sura mara nyingi alichagua sura ya mgeni. Katika The Horror at Red Hook, iliyochapishwa mwaka 1927, uovu umefanya makao katika mtaa wa Brooklyn uliojaa wahamiaji, na rangi zao na lugha zao zimetajwa kana kwamba ni dalili za maradhi. Msomaji wa Afrika afikapo kwenye kurasa hizo huona jambo ambalo mwandishi hakulikusudia: zimwi ni yeye. Yawezekana akacheka, yawezekana akakitupa kitabu, kuogopa haogopi. Wala yule msomaji ambaye hadithi iliandikwa kwa ajili yake haogopi kwa kweli. Ameambiwa kuwa ubaya uko ng'ambo ya barabara na kuwa nyumba yake ni safi. Huko ni kubembelezwa, na mtu anayebembelezwa yuko mbali na hofu ingawa mwili umemsisimka.

Bram Stoker alikuwa karibu kuanguka katika shimo hilo hilo. Dracula wa mwaka 1897 ni mgeni kutoka Transylvania anayenunua nyumba Uingereza ili apate kuwanyonya wenyeji damu, na hapana shaka ugeni huo ulikuwa sehemu ya kitisho chake. Lakini mgeni huyu hawezi kuvuka kizingiti mpaka mtu wa nyumba amkaribishe kwanza, na kwa sharti hilo moja Stoker aliutoa ubaya nje akauingiza ndani. Ukurasa unaotisha kuliko yote si wa ngome ya milimani. Ni ule wa makaburini, Lucy aliyekufa akazikwa anapomwita mchumba wake Arthur kwa sauti ya mapenzi, amenyosha mikono. Mapenzi ya Arthur ni ya kweli, naye angekwenda kama asingezuiwa.

Mlango huo wa mapenzi uligongwa tena na W. W. Jacobs mwaka 1902 katika hadithi fupi The Monkey's Paw. Mzee White amepata mkono mkavu wa kima wenye uwezo wa kutimiza maombi matatu. Anaomba pauni 200; mwanawe anauawa na mashine kazini, na kampuni inaleta pauni 200. Siku chache baada ya maziko mama anamlazimisha kuomba mwana arudi. Usiku ule mlango unagongwa. Mama anahangaika na komeo. Baba anapapasa sakafuni kuutafuta mkono ule ili aombe ombi la mwisho. Mlango unafunguka, na nje hapana mtu. Msomaji hakuonyeshwa kitu chochote ila wazazi wawili, mmoja anataka mlango ufunguliwe na mmoja anataka usifunguliwe, na wote wawili wanampenda aliye nje.

King aliichukua hadithi hii akaiondolea huruma yake. Katika Pet Sematary, riwaya ya mwaka 1983, daktari Louis Creed anahamia Maine na kukaa kando ya barabara ya malori. Paka wa bintiye anakufa. Jirani mzee anamwonyesha ardhi ambayo kinachozikwa humo hurudi. Paka anarudi, lakini ananuka na ana ukatili ambao hakuwa nao. Kisha lori linamwua Gage, mwanawe mdogo. Hapa ndipo King anapowapita wengi waliomtangulia, kwa sababu daktari hakudanganywa. Amemwona paka. Anajua kuwa kitakachorudi sicho kitakachozikwa, na bado anakwenda kufukua kaburi. Kila hatua yake ina hoja, na kila hoja ni ya baba mwema. Msomaji mwenye mtoto hufika mahali akajikuta anamhimiza afanye upesi kabla hakujapambazuka, na hapo hujitambua.

King mwenyewe, aliyepata kukaa na watoto wake kando ya barabara ya namna hiyo huko Orrington, aliuweka mswada kando kwa muda kwa kuona amevuka mpaka. Je, aliuvuka? Swali hili ni la maadili, si la sanaa peke yake. Atakayesema kuwa ni ukatili kuichukua huzuni ya mzazi aliyefiwa na kuifanya burudani ya usiku hastahili kudharauliwa, na mwenye msiba mbichi asipewe kitabu hiki. Lakini liko kosa kubwa zaidi, nalo ni kumfundisha mtu kuwa mapenzi ni ngao. Vitabu vingi vya upole hufundisha hivyo. Hiki kinasema kuwa mapenzi yasiyokubali kushindwa yaweza kutenda jambo ambalo chuki isingethubutu kulitenda.

Shirley Jackson alikwenda mbali kuliko King, tena kwa sauti ndogo. Eleanor wa The Haunting of Hill House, riwaya ya mwaka 1959, ana umri wa miaka 32, na miaka 11 katika hiyo ameimaliza akimwuguza mama yake. Hana mahali duniani panapomngoja. Usiku mmoja, sauti zikisikika gizani, anaushika kwa nguvu mkono wa mwenzake Theodora. Taa inapowaka Theodora yuko mbali naye, kitandani kwake. Mkono ulikuwa wa nani? Jackson hajibu, na kutojibu kwake ni bora kuliko nta. Hata hivyo hilo silo jambo kubwa la kitabu. Kubwa ni kuwa nyumba ile inamtaka Eleanor, naye hajapata kutakwa na mtu. Anapoambiwa aondoke, huona anafukuzwa kwao.

Miaka 11 kabla ya riwaya hiyo, tarehe 26 Juni 1948, jarida la The New Yorker lilichapa hadithi yake The Lottery. Asubuhi njema ya kiangazi wanakijiji wanakusanyika kupiga kura kama walivyofanya wazee wao, na mwanamke aliyeangukiwa na kura, ambaye alifika amechelewa akifuta mikono kwenye aproni yake, anapigwa mawe. Hapana mzuka wala giza. Watu wanaitana kwa majina na kutaniana. Davy, mtoto mdogo wa mwanamke yule, anapewa vijiwe vyake mkononi. Jackson alieleza baadaye kuwa majira yale alipata barua zaidi ya 300, na zilizomsema kwa wema zilikuwa 13 tu, nyingi zikiwa za rafiki zake. Baadhi ya walioandika walitaka kujua kura hizo hupigwa wapi, na kama wangeweza kwenda kutazama. Serikali ya Afrika Kusini ya enzi za ubaguzi wa rangi iliipiga hadithi hii marufuku, na mumewe, Stanley Edgar Hyman, aliandika kuwa Jackson alijivunia jambo hilo siku zote, kwa kuwa aliona kwamba hao, angalau, waliielewa.