Dhamana ya Majeruhi

Askari anapojeruhiwa vibaya na kulazwa miezi kadhaa, swali la nani amuuguze lina sura mbili. Ya kwanza ni ya utaratibu, na jibu lake ni jepesi: chombo kilichomtuma kazini kinagharimia matibabu, madaktari wanatibu, ndugu wanaleta uji. Ya pili ni ya dini, na ndiyo nzito. Jeraha alilolipata mtu mmoja kwa kazi ya watu wote ni dhamana ya nani mbele ya Mungu? Ni ya ukoo uliomzaa, au ni ya umma aliokuwa akiulinda?

Rufiji wanalijua swali hili. Kuanzia 2015 hadi 2017 watu zaidi ya 30, wengi wao viongozi wa vijiji na askari, waliuawa kwa mashambulizi katika wilaya za Kibiti, Rufiji na Mkuranga. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi wanane waliuawa Mkengeni, Kibiti, gari lao liliposhambuliwa jioni wakirudi kutoka lindoni. Tarehe 7 Desemba mwaka huohuo kambi ya walinda amani ya Semuliki, wilayani Beni mashariki mwa Kongo, ilivamiwa. Askari wa Tanzania wasiopungua 14 waliuawa, na walinda amani zaidi ya 40 walijeruhiwa. Taifa huwahesabu waliokufa kwa siku moja na kuwazika kwa heshima. Aliyebaki kitandani huhesabiwa na mama yake tu, wiki baada ya wiki. Kijana wa Ngorongo, Rufiji, anaweza kuumia Beni, na wa Tarime akaumia Kibiti, kwa hiyo uchungu huu hauna mwenyeji.

Mfano wa kale wa jambo hili katika historia ya Uislamu ni wa Saad bin Muadh, kiongozi wa kabila la Aus. Mwaka wa 5 Hijria, sawa na 627, katika vita vya Handaki, mshale ulimkata mshipa mkubwa wa mkono. Saad hakuwa mkiwa. Alikuwa na ukoo mkubwa pale pale Madina, wenye nyumba na mashamba. Hata hivyo Mtume aliagiza apigiwe hema ndani ya msikiti ili amjulie hali kwa karibu, na wapokezi wanamtaja Rufaida, mwanamke wa kabila la Aslam, kuwa ndiye aliyekuwa akiwatibu majeruhi hapo. Jeraha lilipofumuka usiku, damu ilitiririka hadi hema la jirani la watu wa Ghifar, ndipo wakajua kuwa anakata roho. Wanaoisimulia habari hii misikitini hukazia ubora wa Saad. Lililo zito zaidi ni mahali alipolazwa. Mtu mwenye ndugu wa kutosha aliuguziwa katika nyumba ya wote, kwa sababu jeraha lake lilikuwa la wote.

Hilo haliwaondolei ndugu wajibu wao. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa pwani yote, kumzuru mgonjwa ni sunna, na kumhudumia asiye na wa kumhudumia ni faradhi kifaya: akisimama mmoja, wengine wamesalimika, asiposimama yeyote, wote wana dhambi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopita katika bonde la Rufiji mwanzoni mwa 1917, wapagazi waliochukuliwa kutoka pande za mbali walikufa kwa wingi, wengi zaidi kwa kuhara na njaa kuliko kwa risasi, bila jamaa wa kuwapa hata maji. Ukiwa wa namna ile ndio faradhi kifaya imewekwa kuuzuia.

Siku hizi ndugu yupo, lakini kuwapo kwake kuna gharama. Anayetoka Ngorongo kwenda kuuguza katika hospitali ya Muhimbili au Lugalo hushika barabara ya Kilwa, apite Kibiti na Mkuranga hadi Mbagala, kisha atafute pa kufikia kwa jamaa ambaye naye chumba chake ni kimoja. Hospitali inatibu, lakini haimrudishii mtu msimu wake. Mpunga ukianza kutoa masuke, ndege na nyani hawangoji; lazima mtu akae dunguni kutwa nzima akiamia. Maji ya mto yakishapungua, kilimo cha mlau nacho kina siku zake za kupanda, zikipita zimepita. Mama aliyekaa wodini miezi mitatu amemuuguza mwanawe kwa chakula cha mwaka mzima cha nyumba yake. Mawaidha mengi juu ya thawabu za kuuguza hayafiki hapa, na yasipofika hapa hayajamsaidia yeyote.

Wodini kwenyewe kuna maswali ambayo hayasubiri mhadhara. Majeruhi ameambiwa asile wala asinywe kitu kabla ya upasuaji, na shangazi amewasili alfajiri na chupa ya kombe iliyosomewa usiku kucha. Mapenzi yake hayana shaka. Lakini mtu akilazwa usingizi wa dawa tumbo likiwa na kitu, anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni, na hilo linaua. Imamu Ghazali, aliyefariki 1111, aligawa njia za kuondoa madhara katika daraja tatu: za hakika, kama maji kwa mwenye kiu; zenye kudhaniwa kwa nguvu, kama dawa za tabibu; na za kuwaziwa tu. Kuziacha za hakika, alisema, si katika kumtegemea Mungu hata kidogo. Kuufunga mshipa unaovuja damu ni katika daraja ile ya kwanza. Shangazi hana haja ya kurudi na baraka zake kijijini: anaweza kumsomea aya na kumpulizia, na kombe likangoja daktari aruhusu kinywaji.

Fundisho jingine kuhusu ujinga wenye nia njema limo katika hadithi aliyoipokea Jabir. Mtu aliyejeruhiwa kichwa safarini aliamka na janaba, akawauliza wenzake kama anaweza kutayamamu. Wakamwambia hapana, maji yapo. Akaoga, akafa. Mtume alipopata habari alighadhibika na kuwalaumu kwamba wamemuua, kwa nini hawakuuliza wasilolijua. Waliomuua hawakuwa maadui zake, walikuwa wasafiri wenzake waliotaka ibada yake isiharibike.

Ibada ya majeruhi ndiyo inayotoa jibu lililo wazi zaidi juu ya hadhi yake. Aliyefungwa bendeji huosha panapooshika, hupaka maji juu ya kifungo, na hutayamamu kwa ajili ya sehemu iliyofunikwa. Ndiyo maana ndugu wengine huja na mchanga mkavu wenye vumbi ndani ya kopo na kuuweka chini ya kitanda. Asiyeweza kusimama huswali ameketi, asiyeweza kuketi huswali kwa ubavu au chali, na asiyeweza kutikisa kichwa huashiria kwa kope. Maadamu akili ipo, amri haijamwondokea. Sheria imempunguzia masharti bila kumpunguzia daraja: aliyebaki na kope tu bado anasemeshwa na Mola wake kama mtu mzima.

Ndugu hulisahau hili mara nyingi. Mguu ukioza, daktari anashauri ukatwe, na wajomba na baba wadogo wanakaa kikao chini ya mti nje ya jengo. Wanapiga simu kijijini, wanabishana, wanafikia uamuzi, kisha mwenye mguu anaarifiwa. Kama akili yake ni timamu, kikao hicho kina haki ya kumshauri tu. Aliye mukalafu, yaani mwenye kuwajibika kisheria, kwa swala ni mukalafu kwa mwili wake pia. Mguu ukikatwa, desturi ya Kiislamu ni kuuviringisha kitambaa na kuuzika, na ni vema aulizwe uzikwe wapi. Vivyo hivyo kwa maumivu. Askari amefunzwa kutolia, na jamaa humsifu kwa subira anapouma meno. Lakini Ayubu alimlalamikia Mola wake, na Yakubu alilia hadi macho yakawa meupe, na wote wawili wametajwa kwa sifa. Mofini inayotolewa na daktari kwa maumivu makali inaruhusiwa kwa dharura. Kuikataa kwa niaba ya mgonjwa ni kumbebesha asichoagizwa.

Akili ikiondoka, hukumu zinageuka. Aliyezimia hadaiwi swala zilizompita, na uamuzi unahamia kwa walii na tabibu. Mwaka 1986, mjini Amman, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua kuwa kazi zote za ubongo zikikoma kabisa, na madaktari mabingwa wakathibitisha kuwa hazirejei, inajuzu kuondoa mashine ya kupumulia hata kama moyo bado unapigishwa na mashine hiyo. Familia inayokubali hapo haikumuua mtu wake.

Limebaki suala la anayerudi nyumbani hai lakini amepooza, anayehitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asioze mgongo kwa vidonda vya kulalia. Wazee husema haraka: ana mke. Kwa fiqhi ya Shafii wanayoifuata wenyewe, kauli hiyo haina msingi. Utumishi wa ndani si wajibu wa mke kisheria. Anachokifanya ni hisani yake, na mwenye hisani hashurutishwi wala halaumiwi akichoka. Mpangilio wa sheria ni mwingine. Kwanza ni mali ya majeruhi mwenyewe, yakiwamo mafao na fidia yake, imlipe msaidizi. Isipotosha, matunzo yako juu ya wazazi na watoto wake wenye uwezo. Nao wasipokuwa na uwezo, ni juu ya Baitulmali, yaani hazina ya Waislamu, na pasipo na Baitulmali ni juu ya Waislamu wenye nafasi walio karibu naye. Kwa kijiji kama Ngorongo maana yake ni ya siku zote: zamu za kumgeuza mgonjwa zipangwe msikitini kama zinavyopangwa za kuchimba kaburi, na shamba la anayeuguza liamiwe na jirani mpaka mavuno.