Mkono wa Mlinzi

Swali tunaloliweka mbele yenu mwezi huu ni fupi kwa maneno, lakini kulijibu si kazi ndogo: Mtu aliyepewa kiumbe dhaifu amlinde, je, yampasa amguse au amwache? Wengi watajibu upesi kwamba apendaye hakai mbali. Sisi nasi tulikuwa tukijibu hivyo, mpaka tulipofundishwa neno jingine na sungura.

Huku kwetu, chini ya Mlima Meru, wako watu wafugao sungura nyuma ya nyumba, kati ya migomba na mibuni. Mnyama huyu hana kelele, hula majani, na samadi yake huifaa migomba. Lakini tusimchanganye na sungura wa porini, yule mjanja wa hadithi za wazee wetu. Mtoto wa sungura wa porini huzaliwa juu ya ardhi, naye ana manyoya mwilini na macho yake yako wazi. Bali sungura wa kufugwa asili yake ni nchi za Hispania na Ureno, na wazee wake walizaa ndani ya mashimo. Kwa hiyo mtoto wake huzaliwa uchi, kipofu, tena kiziwi, wala hawezi kujitia joto akiwa peke yake. Macho yake hayafumbuki mpaka apate siku kama 10, na kiotani hutoka karibu na juma la tatu.

Basi, kwa kuwa banda la mbao halina shimo, yampasa mwenye sungura kumfanyia mama kitu kilicho mfano wa shimo. Nacho ndicho sanduku la kuzalia. Mimba ya sungura huchukua siku 31 hivi. Siku ya 28 sanduku huoshwa, hukaushwa juani, hutiwa majani makavu, kisha huwekwa bandani. Urefu wake wafaa kuwa kiasi cha sentimita 40, upana na kimo 30. Lakini ubao wa mbele hupunguzwa hata sentimita 15, ili mama aingie bila kuwarukia wanawe kwa kishindo, nao wasitoke kabla ya wakati wao. Saa yake ikikaribia, mama hung'oa manyoya ya tumbo lake mwenyewe akawatandikia watoto.

Miaka michache iliyopita, katika shule tuliyokuwa tukifundisha, sungura mmoja alizaa watoto saba. Ulikuwa mwezi wa Julai, wakati wa baridi, ukungu wa mlima uliposhuka hata jua lisionekane mpaka adhuhuri. Zamu ya kulisha ilikuwa ya mvulana mmoja mpole, aliyewapenda wanyama kuliko wenzake wote. Kila saa ya mapumziko alikwenda akafunua manyoya, akawatoa watoto na kuwaonyesha rafiki zake. Tena alipoona ya kuwa mchana kutwa mama hakai na wanawe, alidhani ni mama asiye na huruma. Akamkamata, akamtia sandukuni kwa nguvu, akaziba juu kwa ubao. Mama akapiga miguu kwa hofu. Tulipofungua tulikuta watoto watatu wamekanyagwa, wamekufa.

Mvulana alilia sana. Nasi tukasema kwa ukali, "Tangu leo mtu yeyote asiliguse sanduku hili!" Amri ikashikwa sawasawa. Siku ya tatu, asubuhi, mtoto mmoja alikuwa sakafuni mwa banda, nje ya sanduku. Alikuwa ameng'ang'ania titi mama alipotoka, akaburutwa naye. Paka angalimchukua mtoto wake kwa meno na kumrudisha. Sungura hana desturi hiyo. Wanafunzi walipita wakamwona, wala hakuna aliyemwinua, kwa sababu mwalimu amekataza. Tulipofika sisi, saa nne, alikuwa amekwisha kufa kwa baridi.

Ndipo tulipojiuliza: Ni nani aliyekosa zaidi, aliyeua kwa kugusa au aliyeua kwa kukataza? Mvulana alitenda kwa mapenzi yasiyo na maarifa. Sisi tulitenda kwa hasira, tukaiita busara. Tukisema kweli, amri yetu haikuwekwa ili kuwalinda sungura. Iliwekwa ili sisi wenyewe tusilaumiwe mara ya pili.

Tazameni jinsi mama yule alivyokuwa na hekima kutupita. Sungura hunyonyesha mara moja tu katika usiku na mchana, pengine mara mbili. Naye hunyonyesha kwa dakika chache, usiku au alfajiri, kisha huenda zake. Wazee wake wa porini hufukia mlango wa shimo kwa udongo kila watokapo. Maana mama akikaa hapo, adui atajua mahali watoto walipo. Basi kukaa kwake mbali ndiko kulinda kwake. Nasi tu wepesi wa kumhukumu mama wa jirani, aondokaye alfajiri na mkungu wa ndizi kichwani kwenda soko la Tengeru, akarudi jua likitua. Twasema hawajali wanawe. Je, tulimwuliza lini chakula chao cha jioni kimetoka wapi, na kabla ya kuondoka aliwaacha mikononi mwa nani?

Lakini mtu asije akasema, "Kumbe kuacha ndiko kulinda," akaenda kulala. Mama yule hufukia mlango kwanza, ndipo aondoke. Mfugaji naye ana mlango wake wa kufukia: waya imara wa kuzuia panya na paka, na miguu ya banda iliyosimamishwa katika makopo yenye mafuta, ili siafu wasipande. Maji yasikose mbele ya mama hata siku moja. Kisha kila asubuhi, mara moja, mtu aliyezoewa na sungura ampe mama majani, na alipo akila atazame sandukuni kwa mkono safi. Mtoto aliyeshiba tumbo lake ni la mviringo; mwenye njaa ngozi yake imekunjamana. Aliyekufa aondolewe. Aliye nje na apashwe joto mkononi, arudishwe kwa ndugu zake. Wako waogopao ya kuwa mama atawala wanawe kwa sababu ya harufu ya mtu. Lakini kwa sungura aliyefugwa vema, hofu na kiu ni za kuogopwa kuliko harufu ya mkono aujuao.

Basi jibu letu ndilo hili: kipimo cha ulinzi ni haja ya anayelindwa, si hamu ya mlinzi wala hofu yake. Mvulana aliongozwa na hamu ya kuona. Sisi tuliongozwa na hofu ya lawama. Wala yeye wala sisi hatukuuliza watoto wale wahitaji nini. Mtu aweza kusema, "Haja ya asiyeweza kunena nitaijuaje?" Ataijua kwa kujifunza tabia yake kwa saburi, na hata hivyo atakosa mara kwa mara. Yule mchungaji wa mfano katika Injili aliwaacha kondoo 99 akaenda kumtafuta mmoja. Kuacha na kwenda vyote viwili vilikuwa kazi yake, kila kimoja kwa wakati wake.

Siku ile tulimwita mvulana mbele ya wenzake, tukakiri kwamba mtoto wa nne alikufa kwa kosa letu, si lake. Haikuwa rahisi, mwalimu hakuzoea kunena hivyo mbele ya darasa. Kisha tukamrudishia zamu yake, atazame mara moja kila asubuhi. Watoto watatu waliosalia walitoka sandukuni wenyewe katika juma la tatu, wenye manyoya na macho mazima.

Wazazi na walimu wenzetu, sote tumepewa sanduku la kulinda. Kabla ya kunyosha mkono, na kabla ya kuuzuia, na tuulize kwanza ni kwa ajili ya nani.