Mtihani wa Leseni Ni Ushahidi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Wiki tatu kabla ya mtihani wa leseni ya uuguzi, mwenzangu aliniletea karatasi kwenye simu. "Dada, haya ndiyo maswali ya sehemu ya watoto, na majibu yake yamo. Nimeshalipa mimi, wewe nakupa bure." Tulikuwa chumbani kwetu Nyamirambo, baada ya Isha. Mimi niliwahi kuanguka mtihani huo mara moja. Nyumbani mama anauza mboga, wadogo zangu wawili wanangoja ada, na bila leseni siajiriki. Nikafungua, nikasoma maswali matatu.

Nilipositasita, mwenzangu alinijibu kwa hoja: "Kazi unaijua. Mtihani ni mlango tu. Ukishaingia wodini, vipimo vyote vimebandikwa ukutani. Unamdhulumu nani?" Swali hilo si la kupuuzwa. Chati ukutani zipo kweli, na mtu anayejua kazi anaweza kuanguka kwa sababu ya homa au hofu. Basi ninamdhulumu nani?

Swali la tatu lilimhusu mtoto wa miezi 8, kilo 6, mwenye kuhara. Macho yamedidimia, amelegea, hawezi kunywa, na ngozi ya tumbo ikibanwa inarudi polepole sana. Jibu lilikuwa C: dripu ya mililita 100 kwa kila kilo, yaani mililita 180 katika saa ya kwanza, kisha 420 katika saa tano zinazofuata. Jibu ni sahihi. Lakini lilinikumbusha mtoto mwingine.

Katika mazoezi yangu wodini aliletwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, naye alikuwa na kilo 6. Alikuwa anahara, macho yamedidimia, ngozi inarudi polepole. Nilikwisha kuanza kuandaa dripu. Muuguzi mmoja mtu mzima akanishika mkono, akasema, "Mwanangu, tazama mikono yake kwanza. Ngozi ya huyu inakudanganya." Mikono ilikuwa kama vijiti. Alikuwa na utapiamlo mkali. Mtoto aliyekonda hivyo, ngozi yake hurudi polepole hata kama maji hayajapungua sana, na moyo wake dhaifu unaweza kuzidiwa na maji mengi ya haraka. Huyo, maadamu hajaingia kwenye mshtuko, hupewa maji yake maalumu kwa mdomo au kwa mpira wa puani, kidogo kidogo, huku akihesabiwa pumzi na mapigo ya moyo.

Kilo ni zile zile, ngozi ni ile ile, lakini C ingeweza kumuua. Na chati ya ukutani isingeniokoa, kwa sababu kabla ya kuisoma ni lazima ujue usome mstari gani. Mtu mzima akipewa dawa isiyomfaa huuliza, hulalamika. Mtoto wa umri huo hana ulimi wa kutusahihisha, na mama yake ananiamini kwa sababu kuna watu wameandika kwamba mimi ninajua.

Hapo nikapata jibu langu. Leseni ni ushahidi unaotolewa juu yangu, na mtihani ndipo ninapoulizwa. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, Mwenyezi Mungu anatuamrisha kusimamia uadilifu na kutoa ushahidi hata kama ni dhidi ya nafsi zetu. Mara ile nilipoanguka, karatasi yangu ilitoa ushahidi dhidi yangu, na ulikuwa wa kweli: sikuwa tayari. Karatasi ya kununuliwa ingesema uongo, na ninayedhulumiwa ni mtoto ambaye pengine hajazaliwa bado. Hadithi iliyomo katika Sunan Abi Dawud inafundisha kwamba anayefanya utabibu bila kujulikana kwa elimu hiyo hubeba dhamana ya madhara yake. Mimi sisomi humo kwamba leseni ya hila inaiondoa dhamana hiyo.

Lakini nilikwisha kuona maswali matatu, na jicho haliwezi kurudisha lilichokiona. Asubuhi nilimwendea mwalimu wangu nikamweleza nilichokiona, bila kumtaja mwenzangu. Sijui kama maswali yalikuwa ya kweli. Mwenzangu haongei nami tangu siku hiyo. Huenda ananiona nimejifanya mtakatifu, na sina la kumlaumu, kwani simu niliifungua kwa mkono wangu mwenyewe.

Sasa nasoma kwa njia nyingine. Kila jibu ninalolishika, najiuliza: ni mtoto gani ambaye jibu hili litamdhuru? Nikikosa la kusema, nafungua kitabu tena. Huenda nikaanguka mara ya pili. Mama nimeshamwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza nimekula nini.

Mwenyezi Mungu atupe elimu yenye manufaa, na atuepushe kushuhudia tusiyoyajua. Wabillahi tawfiq.