Jina la Mtoto: Zawadi au Mzigo?



Mtoto azaliwapo hana kitu. Hana nguo, hana meno, hana neno. Baada ya maziwa ya mama yake, kitu cha kwanza apewacho na watu ni jina. Nguo itapasuka, nyumba yaweza kuanguka, shamba laweza kuuzwa. Lakini jina atakwenda nalo shuleni, kazini na kanisani siku ya ndoa, na mwisho litaandikwa juu ya msalaba wa kaburi lake. Na ajabu ni hii: kitu hicho kilicho chake kuliko vyote, hakukichagua yeye. Wengine walimchagulia naye amelala.

Kwa hiyo yafaa tufikiri pamoja juu ya maswali mawili. La kwanza: je, wazazi wana ruhusa ya kumpa mtoto jina lo lote walipendalo? La pili: sisi tulisikiao jina la mtu, je, twapaswa kulipokea namna gani?

Hapa kwetu Fungurume maswali haya si ya mchezo. Nchi hii ni ya Wasanga tangu zamani, lakini reli, na machimbo ya shaba na kobalti, vimewaleta watu wa kila upande: Waluba wa Katanga na Waluba wa Kasai, Walunda, Wachokwe, Wabemba, hata Wanande kutoka Kivu. Mwalimu aitapo majina ya darasa moja asubuhi, ni kama kwamba amezunguka nusu ya Kongo bila kuondoka mezani pake.

Kila jina lina habari yake. Ukisikia Mbuyi na Kabanga, wajua ya kuwa kwa Waluba wa Kasai wamezaliwa mapacha. Huko Tanzania Wasukuma huwaita mapacha Kulwa na Doto, na yule awafuataye humwita Shija. Kwa Wanande, Paluku ni mvulana wa kwanza, Kambale wa pili, Kasereka wa tatu, Kakule wa nne. Wengine hurithi jina la nkambo, ili mzee aliyekwisha kufa asisahauliwe nyumbani mwake. Haya yote ni majina mema. Yamwambia mtoto: Hukuanguka kutoka mawinguni, hapa ndipo mahali pako, nasi tulikuwa tukikungoja.

Lakini yako majina ya namna nyingine. Katika nchi zote za Kiswahili, kutoka Kongo mpaka pwani, twawasikia watu waitwao Shida, Tabu, Mashaka, Mateso. Baba ameachishwa kazi mwezi ule mtoto alipozaliwa, basi mtoto ni Shida. Mama amekimbiwa na mumewe, basi mtoto ni Mateso. Wengine hugombana na majirani, nao humpa mtoto jina la kuwarushia maneno, ili kila aitwapo uani jirani asikie na kuumia moyo. Na wengine hufanya hivyo kwa hofu. Mama aliyezika watoto wawili au watatu humpa yule wa nne jina la kitu kinachodharauliwa, ili kifo kimwone kuwa si kitu, kimpite.

Tusimcheke mama huyo. Asiyepata kumzika mtoto hajui uchungu wake. Jina lile, hata likiwa baya masikioni mwetu, ni kilio cha upendo. Lakini hata hivyo twauliza: kilio ni cha nani? Ni cha mama. Na jina ni la nani? Ni la mtoto. Hapo ndipo penye neno lenyewe. Machozi ya mama, Mungu akipenda, yatafutwa baada ya mwaka mmoja au miwili. Mtoto atalichukua jina lile miaka sitini.

Tuyatazame Maandiko Matakatifu. Katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 35, Rakeli alishikwa na utungu njiani, karibu na Efrata. Alipokuwa akikata roho alimwita mtoto wake Benoni, maana yake mwana wa uchungu wangu. Nani angeweza kumlaumu? Lakini Yakobo alimwita Benyamini, maana yake mwana wa mkono wa kuume. Angalieni vema: Yakobo naye alikuwa mfiwa. Rakeli alikuwa mke aliyempenda kuliko wote. Miaka saba alimtumikia Labani kwa ajili yake, na saba tena. Huzuni yake haikuwa ndogo, wala hakuificha. Maandiko yasema ya kuwa alisimamisha nguzo juu ya kaburi la Rakeli. Basi huzuni aliiwekea jiwe kaburini. Hakuiweka juu ya kichwa cha mtoto.

Hilo ndilo tutakalo kusema. Msiba una mahali pake: kaburini, katika sala, katika Misa ya marehemu, katika mazungumzo ya jamaa. Ugomvi nao una mahali pake: mbele ya wazee, au kitubioni. Mtoto si mahali pa msiba wala pa ugomvi. Yeye amekuja kuanza, nasi tusimfanye ukurasa wa kuandikia yale yaliyotupata sisi.

Hapa mtu aweza kutujibu: "Mwalimu, jina si kitu. Mtu ni tabia yake. Hata hapa Kongo, tangu 2012 mpaka 2016, Waziri Mkuu alikuwa mtu aitwaye Matata, na jina hilo halikumzuia kupanda." Jibu hili lina kweli ndani yake, wala hatutaki kulikataa. Jina halifungi maisha ya mtu. Anayefikiri ya kuwa bahati au mkosi wa mtu umo katika jina lake, huyo amemsahau Mungu. Katika kitabu cha kwanza cha Nyakati, sura ya 4, twasoma habari za Yabesi, ambaye mama yake alimpa jina hilo kwa sababu ya utungu aliomzaa nao. Yabesi alimwomba Mungu ambariki na kumwepusha na maumivu, na Mungu akamsikia. Kwa hiyo wewe uitwaye Shida au Mateso, usiogope wala usione haya. Hukulaaniwa. Waweza kulifanya jina lako kuwa jina la heshima, kama wengi walivyofanya.

Lakini, ndugu, mwanamume mwenye nguvu aweza kubeba gunia la mawe kutoka machimboni mpaka barabarani. Je, kwa kuwa yuko awezaye kulibeba, ndiyo sababu ya kumtwika mtoto mchanga? Yabesi alisaidiwa na Mungu. Hatusomi ya kuwa mama yake alifanya vema.

Tena, uko mzigo mwingine ambao kwa nje wang'aa. Baba ampa mtoto jina la tajiri mkubwa, au la mchezaji wa mpira ambaye hajui hata maisha yake yakoje, kwa tamaa kwamba mtoto atakuwa kile ambacho baba alishindwa kuwa. Hilo nalo ni kosa lile lile: wazazi wajisemea wenyewe kwa kinywa cha mtoto.

Je, Kanisa lasemaje? Wengi hudhani ya kuwa Kanisa lataka majina ya Ulaya tu. Sivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliagiza mtoto apewe jina la Kikristu. Na wazazi wasipokubali, padre aliongeze jina la mtakatifu juu ya lile walilolichagua, na yote mawili yaandikwe kitabuni. Sheria ya mwaka 1983, kanuni ya 855, yasema tu ya kuwa wazazi, wasimamizi na paroko waangalie lisitolewe jina lililo geni kwa moyo wa Kikristu. Na Serikali yetu, katika sheria ya jamaa ya mwaka 1987, kifungu cha 58, yataka majina yatoke katika urithi wa Wakongo, wala yasiwe ya kutukana, ya kudhalilisha au ya kuchokoza. Basi, katika jambo hili la kutomdhalilisha mtoto, Kanisa na Serikali wako upande mmoja.

Haikuwa hivyo siku zote. Zamani za ukoloni walikuwako waliodharau majina ya mababu, kana kwamba Mungu hawezi kuyatamka. Halafu upepo uligeuka. Mwaka 1972 Serikali ya Mobutu, ambaye naye alikuwa ameliacha jina lake la Joseph-Désiré, iliyakataza majina ya kigeni, na mapadre walitishwa kifungo wakibatiza kwa majina hayo. Kardinali Malula wa Kinshasa, aliyeipenda sana Afrika katika ibada, alipinga jambo hilo, na mwaka ule ilimbidi kukaa Roma kwa muda. Baada ya mwaka 1990 watu wengi waliyarudia majina yao ya ubatizo mbele ya watu wote. Zamani zile mbili zatufundisha jambo moja: jina la mtoto lisiwe bendera ya ugomvi wa wakubwa.

Na leo hatuna haja tena ya kuchagua kati ya mababu na watakatifu. Mwenye Heri Anuarite Nengapeta aliuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mjini Kinshasa tarehe 15 Agosti 1985. Isidore Bakanja, aliyekufa mwaka 1909 kwa ajili ya skapulari yake, alitangazwa mwaka 1994. Floribert Bwana Chui wa Goma, aliyeuawa mwaka 2007 kwa sababu alikataa rushwa ili chakula kilichooza kipite mpakani, alitangazwa Roma mwaka 2025. Bakanja, Anuarite, Bwana Chui: haya ni majina ya kwetu, nayo sasa yatajwa altareni. Utakatifu wao haukutoka katika majina yao. Wao ndio walioyatakasa majina kwa maisha yao. Kwa Kiswahili mtu wa jina moja nawe twamwita somo. Basi mtoto apewaye jina la mtakatifu apate pia kusimuliwa maisha yake, ili awe naye somo kwelikweli.

Sasa twalijia swali la pili, la sisi tusikiao. Wazazi waweza kutoa jina jema kabisa, na msikilizaji akaligeuza kuwa hukumu. Katika nchi yetu jambo hilo si hadithi. Katika miaka ya 1992 na 1993 mamia ya maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa katika jimbo lililoitwa Shaba wakati ule. Walilala siku nyingi katika stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni, wagonjwa na wazee na watoto pamoja, na wengi walifia pale. Wengi wao walizaliwa hapa, na Kasai walikuwa hawajaiona kwa macho. Treni zilizotoka Likasi zilipita hapa hapa Fungurume na Tenke. Kati ya waliofukuzwa walikuwako akina Mbuyi na Kabanga, ambao wazazi wao walitaka kusema tu: Mungu ametupa wawili kwa pamoja.

Tena sikio hudanganya. Ilunga ni nani? Kabongo ni nani? Majina hayo yako kwa Waluba wa Katanga, yako na kwa Waluba wa Kasai. Anayedhani amekwisha kumjua mtu kwa kusikia jina lake, kwa kweli amejisikia mwenyewe tu na hofu zake. Na dhambi hii haingoji vita. Huanza siku mkubwa wa kazi asomapo orodha ya waombao kazi na kuyaruka majina ya upande fulani. Huanza siku wazazi wamkataapo mchumba kabla hawajamwona. Huanza siku watoto wamchekapo mwenzao darasani, na mwalimu akacheka pamoja nao.

Basi, wazazi wapendwa, kabla ya kumpeleka mtoto kubatizwa, jiulizeni mambo matatu. Kwanza: jina hili lasema na mtoto, au lasema na jirani zetu? Pili: litakapoitwa kwa sauti mbele ya wenzake, ataweza kuinua uso? Tatu: akituuliza maana yake, tutakuwa na habari njema ya kumsimulia? Mkiwa mmefiwa, ombeni Misa, lieni na jamaa, kisha mpeni mtoto jina lake mwenyewe. Wala msisahau kumwandikisha ofisini mwa Serikali kabla siku 90 hazijapita, na kuangalia kwamba jina limeandikwa sawasawa na lile la kitabu cha ubatizo. Maana herufi moja tu iliyopotea humsumbua mtu wakati wa mtihani na wa kutafuta kazi.

Nasi sote tusikiao, tushike adabu hii: mtu akikutajia jina lake, usimwulize kwanza ni wa kabila gani. Mwulize habari zake. Siku ya ubatizo, kabla ya maji na mafuta, padre huwauliza wazazi mtoto wampa jina gani, haulizi kabila. Naye Bwana wetu Yesu Kristu alisema ya kuwa Mchungaji mwema huwaita kondoo wake kila mmoja kwa jina lake. Awaita wamfuate. Tuwaite watoto wetu, na wa wenzetu, kwa moyo huo huo.